Nimepakumbuka Nyumbani, na Jembe Bado Ninalo

Juzi nimetumiwa ujumbe wa sauti wa dakika 4 na sekunde 11. Hadi sekunde nazijua kwa sababu nimeusikiliza mara tatu: ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa hasira, ya tatu nikihesabu mzee wetu wa kanisa kataja jembe mara ngapi. Mara sita.

Kisa ni barua yangu ya maombi. Kila baada ya miezi mitatu nawaandikia walionituma: huduma inaendeleaje, wangapi wamebatizwa, fedha zimekwenda wapi, tuombeeni nini. Safari hii, chini kabisa, baada ya kodi ya ukumbi na viti vilivyovunjika, nikaongeza mstari mmoja: "Mniombee na mimi, nimepakumbuka sana nyumbani." Basi. Ungedhani nimeandika kwamba nimerudia pombe.

"Mtumishi," mzee akaanza, kwa ile sauti yake ya mazishi, "mtu aliyetia mkono wake kulima, kisha akaangalia nyuma..." Mwisho wake mnaujua: hafai kwa ufalme wa Mungu. Luka 9:62. Sisi wamisionari tunakabidhiwa mstari huo pamoja na tiketi ya ndege. Ukibisha kidogo, unaongezewa mke wa Lutu, yule aliyetazama nyuma akawa nguzo ya chumvi.

Mzee, shikamoo. Heshima yako iko palepale, wewe ndiye uliyeniwekea mikono. Lakini hapa umenionea.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Vijana wanasema "nimemisi", na wala siwalaumu, lakini mtu likimfika hasa husema nimekukumbuka. Nimewakumbuka watoto. Nimepakumbuka kwetu. Anayekumbuka hajatupa kitu, amekibeba, na kimeanza kumlemea bega. Na Biblia yetu inatumia neno hilohilo: "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Zaburi 137. Nabii Yeremia aliwapelekea Wayahudi hawa waliohamishiwa Babeli barua, ile ya sura ya 29, akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee heri mji waliopelekwa. Someni yote, hamtakuta mahali alipowaambia wafute machozi kwanza ndipo washike matofali.

Najua utakachosema, mzee. Wale walichukuliwa mateka, wewe ulikwenda kwa hiari yako, tena ulishuhudia madhabahuni hadi watu wakalia. Kweli. Basi tumwache mateka, tumchukue mtu aliyetumwa na kanisa kama mimi.

Epafrodito. Anatajwa katika Wafilipi tu, na kwenye mikutano ya umisheni sijawahi kumsikia akihubiriwa. Kanisa la Filipi lilimtuma kwa Paulo aliyekuwa kifungoni, ampelekee msaada wao na amhudumie. Huko akaugua, karibu na kufa. Sura ya 2, mstari wa 26, Paulo anaeleza kwa nini anamrudisha: "alikuwa na shauku kwenu ninyi nyote", tena amehuzunika sana kwa sababu wamesikia kwamba alikuwa hawezi. Rudia kusoma hapo. Kinachomhuzunisha si homa. Ni kwamba nyumbani wamesikia.

Aliyeugulia ugenini anaijua hali hiyo. Mwaka jana nililazwa siku nne. Sindano nilivumilia, na ile lugha ya madaktari, ambayo hata wenyeji wanalalamika kuwa hawaielewi, nikaitikia kwa kichwa. Kilichonitoa machozi ni simu ya mama. Nilikuwa nimeshapanga kumwambia ni mafua tu. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Nani anakushika ukienda chooni?"

Sasa Paulo anafanya nini na mtu wa namna hii? Hamtumii ujumbe wa sauti. Anamrudisha kwao na barua mkononi, na ndani ya barua anawaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha yote, wamhesabu kuwa mtu wa kuheshimiwa. Kwa nini aagize? Nadhani ni kwa sababu Paulo aliyajua makanisa. Alijua kuna mtu Filipi angekaa benchi la nyuma na kunong'ona, "Mbona huyu karudi mapema, si tulimchangia nauli?" Akamziba mdomo kabla hajaufungua.

Na Paulo mwenyewe, yule yule, anamwandikia Timotheo aje upesi, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Joho! Na kabla ya msimu wa baridi, tafadhali. Nikiandika mimi kwamba nahitaji koti langu la zamani lililobaki chumbani kwa mama, kesho kutwa nitaitiwa kikao.

Mnapenda pia mashujaa wa baadaye, basi haya. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, aliondoka Lisbon mwaka 1541 na hakurudi tena Ulaya. Akafa mwaka 1552 kisiwani Shangchuan, pwani ya China. Mwaka 1546, akiwa Ambon, kisiwa cha Indonesia ya leo, aliwaandikia wenzake wa shirika lake kwamba amekata majina yao kutoka kwenye barua walizompelekea, majina waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, na anatembea nayo daima pamoja na nadhiri yake ya utawa. Mtu mzima, na mkasi, anakata saini za rafiki zake ili asitengane nazo. Huyo aliangalia nyuma au hakuangalia? Nauliza tu.

Na wapo ambao hawakupewa nafasi ya kusema. Watu wanamsifu William Carey, mmisionari Mwingereza aliyekwenda India mwaka 1793. Mkewe, Dorothy, alikuwa amekataa kwenda. Akabembelezwa hadi akakubali, kwa sharti kwamba dada yake afuatane naye. Mwaka uliofuata wakamzika mtoto wao Peter, mwenye miaka 5. Akili za Dorothy hazikukaa sawa tena hadi alipokufa mwaka 1807. Katika mahubiri ya umisheni ya kwetu yeye hupewa sentensi moja, akipewa.

Kuna jambo sikuliandika kwenye barua, wacha niliseme hapa. Baba alizikwa siku ya Jumamosi na mimi niko huku. Nauli ilikuwepo, muda ndio haukuwepo. Nikaegemeza simu kwenye kikombe, dirishani, nikatazama. Jeneza lilipoanza kushushwa, picha ikaganda. Kwa karibu dakika nzima likaning'inia vile, nusu ndani nusu nje, mjomba amenyoosha mkono haujafika popote. Picha ilipotembea tena, ni udongo. Jioni yake nikaongoza funzo la Biblia, kwa sababu ratiba ilisema hivyo na sikuwa na la kufanya mikono yangu. Nikawaambia "baba yangu amezikwa leo" kwa sarufi iliyonyooka, hata mimi nilijisikia nikipatia. Wakanipa pole. Kisha nikagundua kwamba lugha hii, ninayoihubiria mwaka wa tatu sasa, sijui kuililia. Nikafungua Warumi, tukaendelea.

Hilo lingeingia wapi kwenye ripoti? Kuna nafasi ya waliookoka, nafasi ya waliobatizwa, nafasi ya mahitaji ya vifaa. Nilipiga magoti usiku ule nikaomba kwa lugha ya mama, kwa sauti, jirani akagonga ukuta.

Haya, mzee, kuna mahali umenipata, na nakubali kwa shingo upande. Mwaka wangu wa kwanza niliishi ndani ya simu. Nilikuwa na saa mbili kwenye kioo, ya huku na ya nyumbani, na ya nyumbani ndiyo niliyoifuata. Nilijua nani kachelewa mazoezi ya kwaya kule, na sikujua jina la mama mzee wa mlango wa pili ambaye kila asubuhi alinishikia lifti. Alipohama ndipo nikauliza. Kama kuangalia nyuma ni huko, basi nililima mistari imepinda mwaka mzima, nami nimetubu. Ila hiyo ilikuwa kutofika. Sasa nimefika, wa mlango wa pili nawajua wote, na bado nakumbuka. Tena siku hizi inauma zaidi, maana huko nyuma nilijidanganya kwamba ni ugeni tu, utaisha.

Jana usiku nimeandika barua ya robo inayofuata mapema. Sehemu ya mambo ya kuombea, namba moja: "Nimepakumbuka nyumbani." Namba mbili ndiyo viti. Katibu amejibu leo asubuhi, kwa adabu sana, Bwana asifiwe mtumishi, akauliza kama sitajali hiyo namba moja ikashuka iwe ya nne.

Nimemjibu kwamba nitajali.