Fungu la Kumi na Ile Asilimia 18

"Na risiti au bila risiti?" Ukienda kununua mzigo Kariakoo, swali hilo huja kabla hujatoa hela, kwa sababu bei huwa mbili. Mzigo wa shilingi 118,000 wenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, unaweza kushuka hadi 110,000 ukikubali kuondoka bila karatasi. Wengi tunakubali. Jumapili muuzaji na mnunuzi wanakutana ibadani, kila mmoja na bahasha yake.

Mimi naona kwamba kwa Mkristo aliyesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, sehemu ya hela iliyomo kwenye droo la duka si yake hata kidogo. Katika ule mfano, mteja amelipa 100,000 ya bidhaa na 18,000 ya kodi. Muuzaji ameshikishwa tu: anakata ile VAT aliyokwisha kuilipa yeye aliponunua mzigo, na inayobaki anaipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Akiitia mfukoni kisha akaitolea fungu la kumi, amemtolea Mungu hela ya watu. Hata akiitoa yote, bado ni ya watu.

Torati ililijua jambo hili. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza mapato ya namna fulani yasiingie nyumbani mwa Bwana hata kama ni kwa ajili ya nadhiri. Na wale makuhani wakuu, waliokuwa wamemnunua Yuda bila kigugumizi, Yuda alipozirudisha zile fedha walikataa kuzitia katika sanduku la sadaka. Sisi hatuna hata huo wasiwasi. Kwenye mnada baada ya ibada kuku mmoja anafika laki moja, na mchungaji anaomba makofi ya kilo kwa mzee aliyemnunua. Kukataa fedha kunawezekana, lakini. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alizikataa fedha ambazo Rais Ruto alizitoa kwenye parokia ya Soweto, Kayole, akaagiza zirudishwe. Zile zilikuwa za mwanasiasa, kesi nyingine kabisa, ila tuliona kwamba sanduku la sadaka linaweza kuwa na mlinzi.

Majibu ya wafanyabiashara nayajua. La kwanza: serikali yenyewe inakula. Sibishi sana. Mwaka 2021 tulitozwa hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja wa simu, na tozo zile zilipunguzwa baada ya watu kupiga kelele. Mei 2023 na tena Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kulalamikia kodi, na sidhani kama wote waliofunga walikuwa wakwepa kodi. Mkristo ana haki ya kulalamika. Yesu mwenyewe alilalamika juu ya kodi: katika Mathayo 17 anamwonyesha Petro kwamba wana wa mfalme hawadaiwi, halafu anamtuma baharini akaitafute sarafu ya stateri kinywani mwa samaki, walipe wote wawili. Ile ilikuwa kodi ya hekalu. Ya Kaisari, Tiberio, mpagani aliyekuwa ameikalia nchi yao kwa jeshi, alisema walipe.

Jibu la pili ni gumu zaidi. "Jirani yangu hatoi risiti. Nikitoa mimi kila mara, wateja wote wanahamia kwake." Mtu huyu simnyooshei kidole, maana ana kodi ya fremu na ada za watoto. Ila namuuliza kwa nini hofu hiyo anaimalizia peke yake, wakati kwenye jumuiya yake kuna wenye maduka wengine wa mtaa uleule wanaoogopa kitu kilekile. Tunakaa vikao vya harusi miezi mitatu. Kikao cha hili sijawahi kualikwa.

Nadhani ni kwa sababu mimbarani halisemwi. Malaki 3:10, ile ya kuleta zaka kamili, tunaijua kwa kichwa. Luka 3:13, ambapo Yohana anawaambia watoza ushuru "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa", wangesomewa maofisa wa kodi waliomo humohumo kwenye mabenchi. Zakayo tumemwacha kwa watoto wa Sunday school, pale juu ya mti, ilhali maneno yake mazito aliyasema akiwa chini: alimtajia Bwana maskini, kisha wale aliowanyang'anya, kwamba atawarudishia mara nne. Hekalu hakulitaja.

Tuanze na kamati ya ujenzi. Inaponunua saruji na mabati kwa muumini mwenzetu, naye akasema bila risiti atatupunguzia ili hela ya jengo itoshe, mweka hazina adai risiti. Kama hela haitoshi, kenchi zisubiri mavuno yajayo.