Tunakula Hivyo Hivyo Tu

Kigoma ukimkaribisha mtu mezani na hakuna samaki, ni lazima uombe radhi. "Karibuni, leo tunakula hivyo hivyo tu." Hata kama kuna maharage ya Kasulu yaliyoungwa kwa mawese, sombe, yaani kisamvu, ya karanga na ugali wa muhogo unaofuka moshi, mwenyeji atasema hivyo hivyo tu. Mimi ni mtoto wa Ujiji na maneno hayo nimeyasema miaka yote. Siku hizi yananitoka kwa shingo upande, na aliyeniharibu ni mpishi mmoja wa Thailand.

Huko tulikwenda kuangalia muhogo. Thailand inaongoza duniani kwa kuuza nje bidhaa za muhogo, na mkoa wa Nakhon Ratchasima ndio mama wa zao hilo. Tulikuwa na mzee mmoja wa Kibondo, ambaye kwa siku mbili alizunguka mashambani akitafuta mtu anayesonga ugali wa muhogo wake mwenyewe. Hakumpata. Wao muhogo wanauza, wanakula wali. Jambo hilo lilimkera mpaka tunapanda ndege kurudi.

Siku ya tatu mkalimani alitupeleka kula kwenye mgahawa uliotundika kibendera cha njano mlangoni, kimeandikwa neno moja jekundu linalosomeka "je". Ni desturi ya kula chakula kisicho na kitu cha mnyama, na imetoka kwa Wathai wenye asili ya Kichina. Kila mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba, kuna siku tisa ambazo watu wengi huishika, na Phuket ndiko inakovuma zaidi, lakini migahawa mingine hupika hivyo mwaka mzima. Hakuna nyama, samaki, yai wala maziwa. Vitunguu navyo havitiwi, vya maji wala saumu, kwa kuwa vina harufu kali. Mzee wa Kibondo akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hebu muulize kama hata dagaa hawana."

Tulicheka, ila swali lake lilikuwa na akili. Chakula cha Kithai kinasimama juu ya samaki kama chetu. Karibu kila sufuria hutiwa nam pla, maji yanayochujwa kutoka kwa samaki wadogo, wenzao na dagaa, waliokaa na chumvi kwa miezi mingi. Wana kapi, kamba waliosagwa na kuchachuliwa. Na eneo lile la Isan tulipokuwa lina pla ra, samaki wa kuvundikwa ambaye harufu yake inakupokea kabla mwenyeji hajakupokea. Kumwambia Mthai apike bila hivyo ni kumwambia mama wa Kibirizi, kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, apike kama vile ziwa halipo.

Kwanza ikaja saladi ya papai bichi. Waliitwanga mbele yetu, kinu cha udongo na mchi wa mti, pilipili, ndimu, sukari guru na karanga. Mahali pa nam pla walitia mchuzi wa soya na maji ya uyoga. Nilikuwa nimejiandaa kula kitu chenye pengo katikati, pengo sikuliona. Kisha mboga ya majani ya kukaanga kwa moto mkali na soya iliyochachuliwa. Mmea wenyewe unaota majini na ni ndugu wa matembele, hata ulimi unaujua udugu huo. Sahani ya tatu ilikuwa na majani ya jamii ya kivumbasi. Nyumbani kivumbasi tunafukuzia mbu, kule nimekichukulia kijiko mara mbili.

Sikusifu kila kitu. Walileta "bata" aliyetengenezwa kwa ngano, amechongwa mpaka vinyweleo vya ngozi. Kwa nini? Ukishaamua humli bata, mwache aende zake. Yule bata alikuwa kama sponji iliyolowekwa kwenye mchuzi, na ndiye aliyekuwa ghali kuliko vyote mezani.

Ila lile papai sikulisahau. Yule mpishi alijua samaki anafanya kazi gani ndani ya chakula: analeta chumvi, na ule utamu mzito unaobaki kinywani baada ya kumeza. Akatafuta mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Sisi samaki akikosekana tunamwondoa, tunaongeza chumvi, tunaomba radhi. Nasema hivi nikijihesabu na mimi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Nililiunga mkono na naliunga mkono hata sasa. Lakini mtaani kwetu ilikuwa kama msiba. Dagaa waliokuwa wamebaki waliuzwa kwa bei ya kutisha, na kila nyumba ni hivyo hivyo tu, hivyo hivyo tu, wakati sombe ipo, mawese yapo na karanga zipo!

Basi nikatoa uyoga mkavu niliokuwa nimeununua barabarani wakati wa mvua. Nusu nikautwanga ukawa unga, nusu nikauloweka, na yale maji yake meusi sikuyamwaga. Sombe ilipoiva vizuri nikatia maji ya uyoga, unga wa uyoga, karanga zilizokaangwa kabla ya kutwangwa, mawese mwishoni. Sikutia kitunguu, nikitaka kuona kama Wathai walinidanganya. Hapo nilikosea, kitunguu kilihitajika.

Mama mkwe alikuwepo. Nilimwekea bila kusema karibu hivyo hivyo. Alikula kimya, tonge baada ya tonge, nikasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Si mbaya," akasema mwishoni. "Ziwa linafunguliwa lini?"

"Tarehe 15 Agosti, mama."

"Basi mpaka hapo, mwanangu, upunguze chumvi."