Ampli za lampi za makanisa na kambi: tuzigeuze za gitaa au tuziache?

Ampli ya lampi, yaani mashine ya kukuza sauti inayotumia mirija ya kioo, iliyozeekea stoo, ile iliyokuwa ikipaza sauti ya padri, ya mwalimu mkuu au ya mtangazaji wa ukumbi wa kambi ya wafanyakazi, ikitolewa vumbi leo hapa Lubumbashi ina njia tatu mbele yake. Itauzwa chuma chakavu, itapelekwa kwa fundi igeuzwe ampli ya gitaa, au itaachwa ilivyo kwa ajili ya kumbukumbu. Njia ya kwanza siitetei hata kidogo. Ubishi wenye maana uko kati ya hizo mbili za mwisho, nami naona pande zote mbili zinasahau jambo moja: aina ya gitaa tunayopiga hapa.

Wanaotetea kugeuza wana hoja nzito. Ampli mpya ya gitaa yenye lampi hulipiwa kwa dola, hulipiwa tena usafiri na ushuru hadi ivuke mpaka wa Kasumbalesa, na ikifika bei yake inamshinda mpiga gitaa wa kwaya ya Katuba au wa bendi ya Kamalondo. Ile ya stoo tayari imebeba vile vilivyo ghali kuliko vyote katika ampli ya lampi: transfoma mbili, ya umeme na ya kutolea sauti, zilizosukwa bila ubahili wa chuma wala shaba. Na lampi zenyewe ni zilezile. EL34, lampi iliyotoka kwa Philips na kupaza hotuba nyingi, ndiyo iliyokuja kuzipa ampli za Marshall mlio wake katika miaka ya 1960. Lampi ya EL84 ilifanya hivyo kwa ampli za Vox. Lampi ndogo ya ECC83 utaikuta karibu kila mahali. Hata Leo Fender, kabla jina lake halijaandikwa kwenye magitaa, alikuwa fundi redio mjini Fullerton, California, akitengeneza pia vipaza sauti. Ukoo ni mmoja.

Kazi zake, hata hivyo, si moja. Mikrofoni ya hotuba huwa na ukinzani mdogo (kizuizi cha umeme, kinachopimwa kwa ohm), wa ohm mia kadhaa, na mara nyingi huingilia kwenye transfoma ndogo. Pikapu ya gitaa, kile kinasa mtetemo wa nyuzi, inadai mlango wenye ukinzani wa karibu megaohm moja (ohm milioni moja), la sivyo nyuzi nyembamba zinafifia. Hilo fundi anayejua kushika kichomeleo atalimaliza kwa muda mfupi.

Ugumu uko upande wa kutokea. Ampli nyingi za Ulaya za aina hii hutoa sauti kwa laini ya volti 100, ili waya mrefu upite madarasani au kiwandani bila kupoteza nguvu njiani. Piga hesabu: 100 mara 100, gawa kwa nguvu ya ampli, tuseme wati 50, unapata ukinzani wa ohm 200. Spika ya gitaa ni ohm 8 au 16. Ukiifunga moja kwa moja kwenye laini hiyo, nguvu haifiki kwenye spika na lampi za mwisho zinachemka hadi kufa. Ukiwasha ampli bila spika yoyote ni hatari zaidi, kwa sababu transfoma inaweza kurusha cheche ndani yake na kuungua. Kwa hiyo kabla ya kuisifia bei, geuza ampli nyuma usome vituo vyake. Yenye kituo cha ohm 4, 8 au 16 imekuokolea nusu ya kazi. Isiyonacho itahitaji transfoma nyingine, au kusukwa upya upande wa pili wa transfoma iliyopo. Mji huu wa migodi una wasukaji wa koili za mota, na mkono wao ni mzuri, ila transfoma ya sauti husukwa kwa tabaka zinazopishana. Anayeisuka kama mota atapata kitu kinachopitisha umeme na kuua sauti ya juu.

Sasa jambo lile linalosahaulika. Maelekezo mengi ya kugeuza ampli hizi yanaandikwa na wapenzi wa roki na bluzi. Wanaongeza hatua nyingine ya lampi, kisha wanakata ule waya unaorudisha sehemu ya sauti ya mwisho kwenye hatua za mwanzo ili kusahihisha makosa, lengo likiwa ampli ianze kukwaruza mapema. Kwao ni sawa. Kwetu, sebene, ile sehemu ya wimbo wa dansi ambapo magitaa hutawala, haikai hapo. Magitaa yake matatu, solo, mi-solo na akompanyema, yanasukana kwa noti za haraka, na kila moja lazima isikike peke yake. Ampli ikianza kukwaruza, magitaa matatu yanakuwa kelele moja. Na Katanga hii imejulikana kwa usafi wa vidole tangu mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952: besi na sauti ya juu zikitembea pamoja kwenye gitaa moja bila kukanyagana. Ampli ya hotuba ilibuniwa ili neno lieleweke mwisho wa ukumbi. Usafi ndiyo kazi yake ya kwanza. Kumbe mpiga sebene anahitaji igeuzwe kidogo sana: mlango wa gitaa, njia ya spika, labda kidhibiti cha sauti ya juu. Waya wa kusahihisha na uachwe. Uzi mnene wa gitaa una hezi 82 tu, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na transfoma nyingi za hotuba zinafika hapo. Gitaa la besi linashuka hadi hezi 41. Mpiga besi asiingie kwenye biashara hii.

Upande wa wanaokataa, hoja inayonigusa kuliko zote ni ya uhai. Ndani ya mashine hii kuna volti 300 hadi 450 za umeme mnyoofu, na kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji, zinaweza kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Nyingi zilikuja na plagi ya pini mbili, bila waya wa ardhini. Kumbuka kwamba nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya ampli kupitia kebo. Mpigaji anashika nyuzi, mdomo uko kwenye mikrofoni, miguu iko kwenye saruji yenye unyevu wa masika. Hitilafu moja inatosha kumuua. Pini tatu, waya wa ardhini unaofanya kazi kweli, fyuzi sahihi na kapasita mpya vitangulie noti ya kwanza, na asiyejua kutoa chaji na kuipima kwa mita asifungue kifuniko. Tazama pia kichagua volti: mashine za zamani zinaweza kuwa zimewekwa kwenye 110 au 127, na soketi zetu ni 220.

Lampi za kubadilisha nazo hutengenezwa leo na viwanda vichache, hasa Slovakia, Urusi na China. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipovuruga mauzo ya Urusi, bei zilipanda. Anayegeuza aweke hilo kwenye hesabu yake.

Hoja ya kumbukumbu wengi huipuuza, nami siipuuzi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipoanza mradi wa Mémoires de Lubumbashi (Kumbukumbu za Lubumbashi) mwaka 2000, vitu vya kawaida vya wakazi vilichukuliwa kuwa ushahidi wa maisha ya mji. Ampli ya kambi ya Union Minière, ile kampuni ya migodi, ni ushahidi wa namna hiyo: sauti iliyowaamuru watu na kuwaburudisha ilipita humo. Ikiwa bado ina mikrofoni yake, spika zake za umbo la tarumbeta na kibati chake cha jina, na ukumbi wake unajulikana, mimi nasema isiguswe. Parokia au shule inayoimiliki iulize kwanza makumbusho ya taifa hapa mjini. Anayetaka ampli ya gitaa atafute ile iliyokwisha kung'olewa lampi au kukatwa waya. Hata hiyo, apige picha kila upande kabla ya kuyeyusha risasi ya kuunganishia waya, achore njia za waya kwenye karatasi, na vipande alivyotoa avifunge kwenye mfuko ndani ya sanduku lake, ili fundi atakayekuja baada yake ajue kilichokuwepo.