Simu tunazo, shida ni nani anaangalia

Wengine wanasema kwetu Bukavu, Kongo, hakuna matunzo ya mbali, yaani mgonjwa kuangaliwa kwa simu. Mimi niko Ufaransa, nina ugonjwa wa sukari. Juzi niko kazini, saa ya mapumziko, simu inalia, namba ya hospitali. Roho ikaruka. Kumbe ni nesi, anauliza kwa upole kabisa kwa nini sukari yangu inapanda kila usiku kwenye saa saba, nakulaga nini saa hizo? Hata mama yangu hajawahi kunipeleleza hivyo! Niko na kile kidude wanaita kapteri, unabandika nyuma ya mkono kinakaa siku 14, kinasoma sukari chenyewe, kinatuma kwa simu na simu inawatumia wao, kwa hiyo uongo hauna njia. Nikamwambia nafanya kazi usiku ku depo, saa saba njo chakula chetu. Na ndani ya aplikasio yao hakuna bugali, naandikaga polenta, ugali wa Waitalia, siku moja wakaniuliza kama nina asili ya Italia.

Nilikasirika kidogo, kweli. Kisha ndani ya metro nikaanza kukasirikia kitu kingine.

Mama yuko Kadutu, Bukavu, ana sukari na tansio (presha), miaka sasa. Yeye pia ana simu. Asubuhi anapima, anapiga foto ya mashine, anatupa ndani ya grupu ya familia: 287, sukari iko juu sana. Sasa njo waganga wanaamka. Baba mudogo wa Uvira anasema achemshe majani ya avoka, shangazi anaweka mikono ya maombi, binamu wa Kampala anauliza hiyo ni mbele ya kula ao nyuma ya kula, njo swali moja tu lenye akili siku hiyo na hakuna mwenye anamjibu, kisha mtu anatupa video ya mazishi ya mtu mwenye hatumjui na 287 inapanda juu huko, inapotea.

Kwa hiyo musiniambie Bukavu hakuna matunzo ya mbali. Yako, na yalikuwako mbele wazungu hawajayapa jina. Simu tunazo, foto tunatuma, dawa tunalipa kwa mobile money kutoka bara lingine. Chenye tunakosa ni ule mtu wa upande wa pili, mwenye analipwa ili aangalie. Hapa Ufaransa konsiltasio ya video bima inalipa tangu mwezi wa tisa 2018, na tangu mwezi wa saba 2023 hata kufuatilia mgonjwa kwa mbali kumeingia kwenye vitu vya kawaida vya kulipiwa, sukari, moyo, figo, mapafu. Sukari iko pia kwenye orodha ya magonjwa ya muda mrefu, ALD, matunzo yake bima inachukua mia kwa mia. Ule nesi hakunipigia juu ananipenda. Alinipigia juu ni kazi yake, na kesho akienda konje (likizo) mwingine anakaa kwenye kiti chake na kurasa yangu iko wazi mbele yake.

Docta wa mama anamujibuga WhatsApp saa nne ya usiku, ametoka gardi (zamu ya hospitali), hajakula: "Mama, kesho mupime mbele ya chai, munitumie." Nani anamulipa? Hakuna. Mega zake za intaneti, macho yake, usingizi wake. Mimi namuheshimu yule mtu kuliko maprofesa wote wa Lyon. Lakini siku akibadilisha namba, ao akikimbia kama wengine walivyokimbia mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu, historia yote ya mama inabaki ndani ya simu yake, maana kaye, daftari lake la hospitali, ilishalowa mvua zamani.

Najua kuna mwenye ameshaanza kuandika: "Diaspora, umekula jibini kidogo tayari unatudharau." Hapana, kaka. Mimi huku nikianguka ndani ya nyumba, kapteri italia yenyewe mpaka betri iishe, hakuna jirani mwenye atasukuma mlango. Mama asipoonekana ku dirisha saa moja, avenyu nzima inajua. Hiyo hawana huku na hawataipata kwa aplikasio. Ila jirani hajui dozi ya insulini, na mapenzi hayasomi 287, basi tuache kujidanganya kwamba undugu unatosha.

Mwingine atasema hata huku wazee hawajui kutumia hizo aplikasio. Kweli, jirani yangu wa chini binti yake njo anamfanyia yote. Tuendelee.

Chenye kinaniudhi zaidi ni wale wenye kuleta miradi. Wanakuja na tableti, fulana, foto na viongozi, aplikasio nzuri sana ya kuandika sukari yako. Sasa niandike nini kama sijapima? Kaka yangu wa Kanada alimutumia mama mashine mpya, inaongea na simu, taa za buluu. Bandelete, vile vikaratasi vya kupimia damu, zilizokuja ndani ya boksi zilipoisha, alizunguka mafarmasi yote mpaka Nyawera, hakuna mwenye ana za aina hiyo, na za mashine ingine haziingii. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kama televisheni ya zamani.

Utafiti mwenye unasaidia upo. MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva waliandika 2021 kuhusu insulini na joto: walipima joto ndani ya nyumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, kati ya digrii 25 na 37, kisha kwenye maabara wakaonyesha insulini inakaa wiki nne ndani ya joto hilo bila kupoteza nguvu. Mtu alijiuliza mgonjwa asiye na friji anaishi vipi! Mimi hospitali imenitumia maswali ya utafiti wao: kutoka 1 mpaka 5, aplikasio inakufanya ujisikie umesindikizwa? Nikaweka 5, juu ya yule nesi, siyo juu ya aplikasio. Hawakuwa na fasi ya kuandika tofauti hiyo.

Kwa sasa nimenunua mashine ya kawaida, ile bandelete zake zinauzwa Bukavu, na maboksi kadhaa ya akiba. Mwenye anashuka Kigali mwezi huu na ataendelea mpaka Rusizi, mpakani na Bukavu, aniandikie inboksi, haina uzito, mdogo wangu atavuka kuipokea.