Anza na la kushoto

Kilichoniponza ni neno "kiini", na nililitamka mwenyewe kwenye simu. Mama alitaka kujua nasomea nini hasa huko chuoni. Nikajibu kwa maringo: "Leza, mama. Leza inavyobadili mambo pale kwenye kiini." Nilimaanisha kiini cha atomu. Mama viini anavyovijua ni viwili, cha yai na cha jicho, akachagua cha jicho.

Jumamosi nikashuka Buguruni na njaa yangu. Nikakuta wali na kuku wa kienyeji wa nazi. Kwetu kuku huonekana Idi kwa Idi, ningepaswa kushtuka. Nikavunja paja.

Sijanawa vizuri, hodi! Wazee watatu na mkongojo mmoja. Nikawaamkia. Bibi wa nyumba ya tatu akakaa mkekani, akavua miwani, akanielekezea uso: "Anza na la kushoto, mjukuu wangu."

Jasho likanitoka. Nikaanza kueleza: elektroni ikipita karibu na kiini cha atomu huwa kama bodaboda aliyeona abiria, inavutwa, njia inapinda. Mwanafizikia Mott alipiga hesabu za kupinda huko mwaka 1929, wakati leza yenyewe ilikuja kuwashwa mara ya kwanza 1960. Sasa mulika leza kali palepale. Elektroni itameza fotoni, yaani chembe za mwanga, au kuzitema, moja, mbili, hata kumi, ila nzima nzima. Fotoni hailiwi nusu. Kwa leza nyekundu kila moja ina nishati ya kama elektronivolti 2, kipimo cha nishati ya vitu vidogo hivyo.

"Na ukijumlisha zote," akauliza mzee wa mkongojo, karani mstaafu, "zilizomeza, zilizotema na zilizopita kavu?"

"Fotoni zikiwa ndogo mbele ya nishati ya elektroni, babu, jumla ya elektroni zinazopinda inakaribia ileile ya bila leza."

Akaegemea mkongojo. "Kwa hiyo miaka miwili unasomea leza ambayo ni kama haijawashwa."

Msimamizi wangu, pamoja na ukali wake wote, hajawahi kunichoma hivyo.

Bibi akavaa miwani taratibu. "Ya fotoni yamenipita," akasema, "ila hilo la nzima nzima nimelisikia. Na mimi kuku wangu nilimleta mzima."

Mama akatazama dari. Mimi nikatazama mfupa.