Kijani cha Tukuyu Kimekosa Nini?

Ni nani aliyeamuru kwamba video ya dakika moja kuhusu mashamba ya chai ya Tukuyu lazima ipakwe buluu kwenye vivuli na rangi ya chungwa kwenye ngozi za watu? Unafungua programu ya kuhariri, unakutana na vichujio vya rangi (filta) visivyo na mwisho, na kila unachojaribu kinageuza majani kuwa ya kijivu, ukungu wa Rungwe kuwa moshi, na mchuma chai wa watu kuiva usoni kama nyanya. Ukipunguza nguvu ya kichujio hadi asilimia 30, mteja anauliza kama umefanya kazi yoyote. Ukiirudisha 100, anauliza shangazi yake aliyemo kwenye video amepatwa na nini. Nanyi wenzangu mnaochagua rangi usiku, mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa, asubuhi huwa mnaitambua kazi yenu kweli?