Nani mwingine kwenu yuko hivi?

Wiki iliyopita mkunga wa hapa Sheffield, Uingereza, kabla hata hajanipima presha, aliniambia nikunje gumba mpaka liguse mkono, juu ya kifundo cha kiganja. Likagusa. Nikainama, viganja vikalala sakafuni, na mimba yangu ya miezi mitatu. Ndipo akauliza: "Nani mwingine kwenu yuko hivi?" Nikalia pale pale.

Uzazi wangu wa kwanza ulikuwa nyumbani Tanga. Chupa ilipasuka kabla ya wakati, mtoto akaja haraka kuliko walivyotarajia. Ganzi ya kushonea haikushika, nikaambiwa najidekeza. Siku ya tano kidonda kikafumuka. Mama mdogo kizazi kilimshuka akiwa hajafika miaka 35. Bibi alivuja damu kila alipojifungua. Na sote tulijulikana mtaani kwa viungo vya mpira. Utotoni tulikuwa tukiwaonyesha wageni. Hakuna aliyeunganisha hayo, wala mimi.

Tatizo langu linaitwa Ehlers-Danlos. Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, viungo, mishipa na mji wa mimba, ni dhaifu, na kila mtoto ninayemzaa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi.

Najua mtakachosema: "Huko wana mashine." Mashine gani? Mpangilio wa kimataifa wa ugonjwa huu wa 2017 ulitaja aina 13, na aina yangu, ya viungo kulegea, jeni yake haijapatikana bado. Hakuna kipimo cha damu. Inatambuliwa kwa kupima vidole vidogo, magumba, viwiko, magoti na mgongo, jumla alama 9, na kwa kuuliza habari za ukoo. Hilo linahitaji umeme? Linahitaji dola? Aina ya mishipa, ya jeni COL3A1, ina kipimo, na ndiyo hatari zaidi: mji wa mimba unaweza kupasuka, na mishipa mikubwa pia. Mwanamke huyo anatakiwa kujua kabla hajabeba mimba, na njia ya kumfikia ni swali lile lile.

Wengine watasema nimekaa Ulaya miaka sita nimeshaanza kujiona. Jamani, nimekaa kwenye lile benchi la kliniki ya Tanga. Namjua nesi mmoja aliyebeba wodi nzima usiku kucha, na mikono ya wakunga wetu siilinganishi na ya mtu yeyote. Hata huku wapo wanawake waliozungushwa miaka mingi wakiambiwa maumivu yako kichwani mwao. Na nikitoka hospitali na mtoto huyu, nani atanipikia uji wa pilipili manga? Nani atakaa nami siku 40? Mama alinikanda mpaka bega likateguka, na bado ningempa chochote aje anikande tena, taratibu.

Ila swali! Tunauliza ukoo wa mtu akija kuposa, tunachimba mpaka babu wa tatu. Kliniki tunaulizwa mimba ya ngapi, basi.

Msiniambie mambo ya kike hayasemwi hadharani. Mama mdogo aliyanyamaza miaka 20, akikaa kwa kuegemea upande mmoja.

Jana nimempigia mdogo wangu, ana mimba ya miezi minne. Gumba lake limegusa. Nimemwambia aandike juu ya kadi ya kliniki, kwa wino mwekundu: viungo vinateguka, ganzi haishiki, kidonda kinachelewa kupona, damu iwe tayari. Akaniuliza, "Dada, nesi akinicheka je?" Nimemwambia anipigie hapo hapo, ampe simu, niongee naye mimi.